Kumwanika mnyanyasaji: jina huandikwa mwisho

Usiku wa tarehe 17 Aprili 2016, ukurasa mmoja wa Facebook uliofuatwa na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini, ulitoa majina 11 ya wanaume. Majina matupu. Hapakuwa na tarehe wala kitendo, wala mtu aliyesema "ni mimi niliyefanyiwa". Kichwa kiliyaita orodha ya rejea, na mwisho pakawekwa "et al.", namna wasomi wanavyoandika "na wengineo". Pale chuoni hakuna aliyehitaji kufafanuliwa: hao ndio waliokuwa wakisemwa kwa ubakaji na udhalilishaji wa wanafunzi wenzao. Usiku huohuo kundi kubwa la wanafunzi lilipita mabwenini, likawatoa baadhi ya waliotajwa na kuwashikilia, likidai uongozi uchukue hatua. Siku chache baadaye chuo kilikuwa na zuio la mahakama mkononi na polisi walikuwa wakitawanya waandamanaji kwa risasi za mpira. Mwaka uliofuata wanafunzi wawili wa kike walifukuzwa chuo maisha kwa yaliyotokea katika siku zile. Mmoja wao, Yolanda Dyantyi, alipambana hadi Mahakama Kuu ya Rufaa, ambayo Machi 2022 ilitengua uamuzi dhidi yake kwa kuwa kikao cha nidhamu kiliendelea bila wakili wake.

Malalamiko ya wanafunzi wale yalikuwa na msingi. Walikuwa wamechoshwa na taratibu za chuo zisizowafikisha popote. Ila orodha ile haikuwapa kitu cha kushika. Jina lisilo na kitendo haliwezi kuchunguzwa wala kukanushwa. Linaweza kusambazwa tu.

Makala haya ni ya anayefikiria kumtaja mtu hadharani, au anayeombwa na rafiki au ndugu amsaidie kuandika. Msimamo wetu tuuweke mapema: kumtaja mnyanyasaji ni haki ya aliyenyanyaswa, na mara nyingine ndiyo njia pekee iliyobaki. Lakini jina huandikwa mwisho, baada ya kazi ya wiki kadhaa isiyoonekana na mtu. Wengi huanza nalo kwa sababu ndilo linalouma.

Andika alichofanya, usimhukumu

Oktoba 2017, wiki moja baada ya gazeti la New York kufichua jinsi mtayarishaji filamu Harvey Weinstein alivyowanyanyasa wanawake, mwandishi wa habari Mfaransa Sandra Muller aliweka Twitter maneno machafu aliyoambiwa na mwanamume mmoja aliyewahi kuongoza kituo cha televisheni, akaweka na jina lake. Muda mfupi kabla yake alikuwa amewaalika wanawake wengine wawataje waliowanyanyasa kazini. Mwanamume yule alikiri kwamba aliongea ovyo, akaomba radhi hadharani, kisha akafungua kesi ya kashfa. Septemba 2019 mahakama ya Paris ilimwamuru Muller alipe euro 15,000 za fidia na euro 5,000 za gharama za kesi.

Kilichomponza hakikuwa maneno aliyonukuu. Lilikuwa lile dai la unyanyasaji kazini. Kwa sheria ya Ufaransa, unyanyasaji wa kingono ulitaka kitendo kinachorudiwa au shinikizo zito, na wawili hao hawakuwa wakifanya kazi pamoja. Machi 2021 mahakama ya rufaa ilimpa Muller ushindi: iliona aliandika kwa nia njema, katika mjadala wenye maslahi kwa umma, na kwamba maneno yake yalikuwa na msingi wa kutosha. Mei 2022 mahakama ya juu kabisa ikaafiki. Alishinda, lakini baada ya miaka minne na nusu ya mawakili.

Kwetu kosa hili ni rahisi zaidi kulifanya. Mitandaoni tunaita "mbakaji" aliyemshika mtu makalio kwenye daladala, aliyetuma picha za uchi bila kuombwa, na aliyebaka kweli. Kubaka ni kosa lenye vipengele vyake katika Kanuni ya Adhabu, na ukimwita mtu mbakaji ndicho hicho utakachotakiwa kukithibitisha. Linganisha maandishi haya mawili ya kubuni.

"Huyu mwalimu ni mbakaji, ameharibu wasichana wengi pale chuoni, jihadharini naye."

"Tarehe 14 Machi, kama saa kumi jioni, mwalimu wangu wa somo fulani aliniita ofisini kwake, akafunga mlango, akanishika kiuno na kuniambia nisipokwenda naye hotelini matokeo yangu hayatatoka. Niliondoka. Tarehe 16 Machi nilipeleka barua kwa mkuu wa idara. Sijajibiwa."

La kwanza lina hukumu mbili na halina tukio hata moja; hata neno "wengi" ni dai linalohitaji kuthibitishwa. La pili halina tusi, na kwa mwenye kutajwa ni baya mara kumi, kwa sababu kila sentensi inaweza kukaguliwa: kalenda, ratiba ya ofisi, barua yenye muhuri. Anayesoma ataamua mwenyewe.

Mtu uliyemwambia siku ileile

Mwaka 2017 mwandishi wa India Priya Ramani alisimulia katika jarida jinsi mhariri mmoja alivyomwita chumbani kwake hotelini kwa usaili wa kazi. Hakumtaja. Oktoba 2018 akamtaja: M.J. Akbar, ambaye wakati huo alikuwa waziri mdogo wa mambo ya nje. Wanawake wengine wakajitokeza, Akbar akamfungulia Ramani kesi ya jinai ya kashfa, na tarehe 17 Oktoba akajiuzulu uwaziri. Tukio lenyewe lilikuwa la Desemba 1993.

Baada ya miaka 25 kunabaki ushahidi gani? Hapakuwa na simu zenye kamera wala meseji. Kulikuwa na rafiki yake, Niloufer Venkatraman, ambaye Ramani alimsimulia usiku uleule aliotoka kwenye usaili, na aliyekubali kupanda kizimbani kueleza alichosimuliwa. Kulikuwa pia na mwanahabari mwingine, Ghazala Wahab, aliyetoa ushahidi wa yaliyompata yeye kwa mtu yuleyule. Tarehe 17 Februari 2021 mahakama ya Delhi ilimwachia Ramani huru na kusema kwamba mwanamke ana haki ya kutoa malalamiko yake kwenye jukwaa alilolichagua, hata baada ya miongo. Akbar alikata rufaa.

Kwa hiyo hatua ya kwanza hufanyika siku ya tukio, hata kama hujaamua kusema chochote hadharani. Mwambie mtu mmoja au wawili unaowaamini, na ukiweza umwambie kwa maandishi. Meseji kwa dada yako isemayo "leo saa nane fulani kaniita stoo akanifanyia hivi" ina tarehe na saa ambazo hukuziandika wewe. Usiitume kwenye gurupu la familia. Itasambaa kabla hujajiandaa. Mwombe asiifute, na kama anabadilisha simu ahakikishe nakala imehifadhiwa.

Kisha anza daftari. Daftari la kawaida la karatasi, kurasa zisizochanwa, linafaa kuliko programu ya simu. Kila tukio lipate tarehe, saa, mahali, maneno yaliyosemwa kadiri unavyoyakumbuka, waliokuwepo, na ulichofanya baada ya hapo. Usirudi nyuma kurekebisha. Ukikumbuka jambo, liandike kwenye ukurasa mpya na tarehe ya siku uliyolikumbuka. Daftari lililofutwafutwa linampa wakili wa upande wa pili asubuhi nzima ya kukuhoji.

Simu, na namna ushahidi unavyoharibika

Ushahidi mwingi wa Afrika Mashariki umo kwenye WhatsApp, na huko ndiko unakoharibikia. Anayefuta ujumbe "kwa wote" ana muda wa zaidi kidogo ya siku mbili tangu autume. Anaweza kuuhariri ndani ya dakika 15. Kama amewasha ujumbe wa kupotea, mazungumzo yatafutika baada ya saa 24, siku 7 au siku 90, kadiri alivyochagua. Picha ya kutazamwa mara moja haikubali kupigwa skrinishoti. Hiyo ipige kwa simu nyingine, ukihakikisha kioo chote kinaonekana pamoja na jina la juu.

Skrinishoti moja yenye sentensi mbaya haitoshi. Piga mfululizo, kila picha ikianza na mstari wa mwisho wa picha iliyotangulia, ili isiwepo nafasi ya kusema umeruka kitu. Tarehe inayotokea katikati ya mazungumzo ionekane. Pia na maneno yako mwenyewe yaonekane, hata yale unayoona aibu kuyasoma sasa, kama ulicheka au ulijibu kwa upole ili yaishe. Ukiyakata, yeye atayaleta, na hapo swali litakuwa kwa nini uliyaficha.

Kisha toa nakala ya mazungumzo yote kwa kutumia kitufe cha WhatsApp chenyewe (Export chat), ujitumie kwa barua pepe. Hapa kuna mtego mdogo ambao wengi hawaujui: faili hilo huandika jina ulilomhifadhia kwenye simu yako, si namba yake. Kama ulimwita "Boss Mzee" kwenye simu, nakala itasema Boss Mzee. Fungua ukurasa wa taarifa zake panapoonekana namba, upige picha siku hiyohiyo.

Picha na sauti zibaki kwenye simu iliyozipokea. Picha ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ubora na kupoteza taarifa zake za ndani, ikiwemo saa iliyopigwa. Ukitaka kumpa wakili, itume kama hati au uihamishe kwa waya. Usiuze simu hiyo, wala usimpe fundi "aisafishe". Mahakama za Tanzania hupima ushahidi wa kielektroniki kwa kigezo cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015: ulitengenezwaje, ulihifadhiwaje, na aliyeutuma anatambulikaje. Kwa kawaida utatakiwa kueleza hayo kwenye hati ya kiapo. Kenya hudai cheti chini ya kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi. Yote mawili yanakuwa mepesi simu ikiwa ni ileile na mwenye nayo ni mmoja.

Namba isiyojulikana ni ya nani? Watu hufanya kama wanaitumia namba hiyo pesa kwa simu, jina lililosajiliwa likatokea, wakaghairi kabla ya namba ya siri. Inasaidia, lakini usiiamini peke yake. Laini nyingi zimesajiliwa kwa kitambulisho cha mama, mdogo mtu au mfanyakazi wa nyumbani. Ukilianika jina lililotokea pale unaweza kuwa umemwanika mama wa watu. Jina la mwenye laini kisheria huombwa na polisi kutoka kampuni ya simu.

Milango rasmi ina tarehe ya kufungwa

Wengi husema, nitaanza mtandaoni, nikikosa msaada nitakwenda polisi. Mpangilio huo una hasara ambayo haionekani mpaka iwe imeshatokea. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kwa vifungu vilivyoingizwa na sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998, ina kosa la shambulio na bughudha ya kingono katika kifungu cha 138D, adhabu yake ikiwa kifungo kisichozidi miaka 5, au faini, au vyote viwili. Kifungu hichohicho kinasema lalamiko halipokelewi zikipita siku 60 tangu tukio. Miezi miwili huishia kwenye kujiuliza "niseme nisiseme". Kubaka na makosa mengine mazito hayafungwi na siku hizo 60.

Kama mwenye mamlaka alidai ngono ili atoe kazi, alama, nafasi au huduma, hiyo ni rushwa ya ngono: kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, faini isiyozidi shilingi milioni 5 au kifungo kisichozidi miaka 3 au vyote viwili. Mlango wake ni TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, namba 113, bila malipo. Faida ya mlango huu ni kwamba ombi lenyewe ndilo kosa. Huhitaji kusubiri akuguse. Na ukiwahi kabla ya siku aliyokupangia kukutana, wao wanaweza kuandaa mtego wao. Ukishamwanika, mtego haupo tena. Atafuta namba, atatafuta mashahidi wake, na atakuwa mpole kuliko imamu.

Aliyeachishwa kazi kwa sababu alikataa ana siku 30 za kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kwa madai ya kuachishwa isivyo halali. Kenya, mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi analazimika na Sheria ya Ajira ya 2007 kuwa na sera ya maandishi ya unyanyasaji wa kingono. Iombe kwa barua. Kama haipo, ukosefu huo ni hoja yako. Kosa lenyewe kwa mwenye mamlaka limo katika kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006.

Popote unapokwenda, usitoke bila karatasi. Kituoni kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Omba namba ya RB, yaani ya kuandikishwa kwa taarifa yako (kwa Kenya namba ya OB). Kama kuna jeraha au kubakwa, omba fomu ya polisi ya kupelekwa kwa daktari, PF3, au P3 kwa Kenya. Na hospitali itangulie kama hali ni mbaya. Barua kwa mwajiri au chuo ipeleke nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, urudi nayo. Mtu wa mapokezi akikataa kugonga muhuri, itume barua ileile kwa barua pepe mbele yake.

Barua hizi zina ulinzi ambao posti ya mtandaoni haina. Anayepeleka lalamiko kwa polisi, mwajiri au chombo chenye wajibu wa kulishughulikia, bila chuki na bila kusambaza pembeni, analindwa na sheria ya kashfa hata kama baadaye mambo hayakuthibitika yote. Ndani ya barua taja majina yote unayoyajua. Ulinzi huo hupungua ukiipiga picha barua na kuirusha kwenye magurupu. Mlango mwingine wa jina ni mahakama: shtaka likishasomwa mbele ya hakimu, taarifa sahihi na ya haki ya kilichosomwa inaweza kutolewa na jina la mshtakiwa, isipokuwa mahakama ikizuia. Utambulisho wa aliyetendewa hautolewi, na wa mtoto kamwe.

Sheria inayomngoja anayetaja

Tanzania, maneno ya kashfa hujitetea kwa mambo mawili yakiwa pamoja: yawe kweli, na kuyachapisha kuwe na faida kwa umma. Ukweli peke yake una mguu mmoja. Mwalimu anayeendelea kufundisha, meneja anayeendelea kuajiri, kiongozi wa dini anayelala kambi na vijana: faida ya umma iko wazi, na iandikwe ndani ya posti kwa sentensi moja. Mpenzi wa zamani aliyekusaliti hayumo humu, hata kama alikuumiza. Muda wa kukushtaki kwa madai ni miaka 3. Kenya ni miezi 12, na kashfa ya jinai ilikufa Februari 2017 Mahakama Kuu ilipotamka kwamba kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu kinakiuka Katiba.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania, ya 2015, ina makali zaidi. Kifungu cha 16 kinamhusu anayechapisha taarifa akijua ni ya uongo au ya kupotosha, kwa nia ya kukashifu, kutisha au kudanganya umma: faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3 au vyote. Neno la kushika ni "akijua". Daftari, meseji kwa dada na RB ndizo zinazoonyesha uliandika unachokiamini kuwa kweli. Kifungu cha 23, cha unyanyasaji wa kimtandao, kina adhabu hiyohiyo na kinakata pande zote: kinaweza kumbana anayekutumia vitisho, na kinaweza kukubana wewe ukimtumia mtu jumbe 50 kwa siku za kumtisha, au ukiwahimiza wafuasi wako wamvamie.

Halafu kuna picha. Mtu ametuma picha ya uchi, na anayetaka kumwanika anairusha kama ushahidi. Sheria hiyohiyo inakataza kuchapisha picha za ngono, na haiulizi nani alianza. Sema kwamba alituma, sema tarehe, picha yenyewe mpe polisi. Vivyo hivyo namba yake ya simu, nyumba anayoishi, shule ya watoto wake, picha ya mkewe: taarifa binafsi zina sheria yake (2019 Kenya, 2022 Tanzania), na mke wake hajakufanyia kitu.

Kuandika na kutoa

Kwanza tafuta kama kuna wengine, lakini kwa adabu ya ushahidi. Kila mmoja aandike yake peke yake, akaweka tarehe na sahihi, kabla hajasoma ya mwenzake. Mkikaa chumba kimoja mkasimuliana kwanza, simulizi zitaanza kufanana maneno, na kufanana huko ndiko kutakakoitwa njama.

Misri ilionyesha mwaka 2020 jambo hili linavyoweza kwenda vizuri, na linavyoweza kugeuka. Mwanafunzi Nadeen Ashraf alifungua akaunti ya Instagram iitwayo Assault Police mwanzoni mwa Julai, akikusanya madai dhidi ya kijana mmoja, majina ya walalamikaji yakifichwa kwa umma. Tarehe 4 Julai kijana alikamatwa. Aprili 2021 alihukumiwa kifungo cha miaka 8. Mwezi Agosti 2020 bunge lilipitisha ulinzi wa utambulisho wa walalamikaji. Lakini mwezi huohuo, katika kesi nyingine ya ubakaji kwenye hoteli ya Cairo, mashahidi waliojitokeza ndio waliokamatwa. Ukiwa mkusanyaji, orodha ya majina halisi ya walalamikaji isikae kwenye simu unayotembea nayo.

Kutomtaja mlalamikaji ni zaidi ya kufuta jina. "Mwanafunzi wa mwaka wa pili aliyefanya mafunzo kwa vitendo Dodoma na kuhama bweni mwezi wa tano" ni mtu mmoja tu, na darasa lote linamjua. Punguza sifa hadi zibaki zinazowafaa watu kumi au zaidi, umsomee mwenyewe kabla ya kutoa.

Anayetajwa, kinyume chake, asichanganywe na mwingine. Majina mawili hayatoshi katika nchi yenye akina Juma Hassan kila mtaa. Weka cheo na taasisi kwa wakati wa tukio. Picha ya kupakua mtandaoni usiiweke hata kama una hakika, kwa kuwa kosa la picha haliombewi radhi likaeleweka.

Orodha za wazi ambazo kila mtu anaweza kuongeza jina, hatuzishauri kabisa. Mwaka 2017 Moira Donegan wa New York alitengeneza jedwali la mtandaoni la wanaume wa vyombo vya habari, wanawake waandike bila kujitaja. Lilidumu kama saa 12 kabla hajalifunga, majina yakiwa yamepita 70. Mwaka uliofuata mmoja wa waliotajwa alimshtaki akidai dola milioni 1.5, na kesi ikaisha kwa maafikiano 2023. Nia ilikuwa kuonyana kimyakimya. Ila jedwali la wazi halina mlinzi: mwenye kisasi anaweza kuingiza jina la jirani, na hilo moja litatumika kuyachafua mengine yote.

Akaunti za udaku ni mbaya zaidi. Ukimtumia mwenye akaunti simulizi na skrinishoti, umempa bidhaa. Anaweza kuichapisha usiku akiwa ameongeza chumvi, na anaweza pia kumpigia uliyemtaja na kumuuzia ukimya. Kama huna wafuasi, mwandishi wa habari anayefuata taratibu, anayemtafuta mtuhumiwa ajibu kabla ya kuchapisha, ni njia ndefu lakini habari hubaki imesimama.

Kuna pia hatua ya katikati, ya kutaja taasisi na tabia bila mtu. Novemba 2018 Dk. Vicensia Shule, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alimwandikia Rais Magufuli kupitia Twitter kwamba rushwa ya ngono imekithiri chuoni, wakati rais alipokuja kuzindua maktaba. Hakutaja mtu, na nchi nzima ilijadili. Kwa asiye na ushahidi wa kutosha dhidi ya mtu mmoja, hii inaweza kufanya kazi kubwa zaidi ya jina.

Rasimu ikikamilika, ilale siku mbili. Kisha wakili aisome, hata wa msaada wa kisheria: TAWLA (chama cha wanasheria wanawake) na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kwa Tanzania, FIDA (nao wanasheria wanawake) kwa Kenya. Atakata vivumishi vyako vyote, mwache. Toa asubuhi ya siku ya kazi, wakati rafiki zako wako macho na wakili anapatikana. Funga maoni kama jukwaa linaruhusu, kwa sababu tusi la mchangiaji chini ya posti yako litabebwa kama lako.

Baada ya kutoa

Notisi ya wakili wake huja na siku 7 au 14 za kufuta na kuomba radhi. Usiirushe mtandaoni pamoja na kicheko. Usimjibu mwenyewe kwa simu, usiombe radhi kwa maandishi kabla ya ushauri, na usifute chochote. Ramani alipofunga akaunti yake ya Twitter kesi ikiendelea, mawakili wa Akbar walidai mahakamani kwamba ameharibu ushahidi. Ukigundua kosa la kweli, mathalani tarehe 14 ilikuwa 15, sahihisha kwa kuongeza mstari wenye tarehe ya leo, bila kubadilisha ya zamani kimyakimya.

Usiku wa kwanza utapokea jumbe za "hata mimi". Baadhi ni za kweli, baadhi zimetumwa na watu wake kukupima, na kwa meseji huwezi kuzitofautisha. Wote wape jibu lilelile: pole, usinisimulie mimi kwanza, iandike leo uweke tarehe, mwambie mtu wako wa karibu, na hii ni namba ya wakili. Usinakili simulizi zao kwenye posti yako, hata wakikubembeleza. Anayetaka kumtaja atamtaja kwa daftari lake.